Nusu ya Kuungua

Ndani ya mtungi wa jikoni, kimya, imelala kazi yangu:
propani, butani, hewa nyepesi zisizo na haraka,
kaboni tatu, kaboni nne, zimeshikana mikono
na kila moja imefumbata haidrojeni zake.

Miaka minne nimekaa mbele ya tanuri
nikiiomba hewa hii iungue nusu.
Nusu tu.
Kuungua kote hakuhitaji msomi:
kibiriti cha shilingi kumi kinajua,
jiko la dada yangu Rukiya linajua,
mwali wa buluu, maji, hewa ukaa, basi.
Mimi nataka iguswe na oksijeni, igeuke,
ikome
ingali na kitu cha kumfaa mtu:
rangi ya mlango, gundi, uzi wa blanketi.

Ugumu wenyewe ni huu, na niliusoma mara nyingi
kabla haujanivunja:
haidrojeni ya kwanza haing'oki ila kwa nguvu,
na ikishang'oka, kilichobaki ni laini kuliko kilichokuwa.
Unachokitaka huungua upesi kuliko ulichoanza nacho.
Bandu bandu, nikaandika pambizoni mwa daftari.
Sikumalizia. Gogo lilikuwa limekwisha.

Kwa hiyo unga.
Nimetoka nao Nairobi, kichupani, mfukoni,
kama wengine wanavyobeba hirizi:
oksidi ya vanadi, manjano ya binzari.
Oksijeni yake haikopi kwa jirani, huitoa kifuani,
chembe kwa kipimo,
ikageuka kijani, ikakaribia weusi kwa kupungukiwa,
kisha upepo ukipita hujaza pengo
na manjano hurudi.
Kukopa harusi, kulipa matanga, wanasema watu.
Unga haujui matanga.
Siku nzuri, katika sehemu mia,
thelathini hukoma ninapotaka.
Sabini huenda zao.
Kwenye ripoti nimeandika: matokeo ya kutia moyo.

Juzi, ukumbini, hapa Mkomani,
mimi na Rukiya na suala la nyumba.
Mnunuzi ametaja bei. Anataka boriti, anataka zidaka,
anataka hata kisima.
Neno la kwanza lilitoka kwa taabu.
La pili halikuhitaji kusukumwa.
La tatu lilikuwa juu ya mama, nani alimuuguza,
nani alikuwa wapi na tanuri lake,
na la nne lilikuwa limeshafika ulimini

hodi!
Lali Shebwana, mtungi begani, jasho mpaka kikoni.
"Shikeni upande huo, mnanitazamia nini?"
Tukashika. Rukiya juu, mimi chini,
vidole vyetu vikakutana kwenye chuma baridi.
Akafunga regulata, akapaka povu la sabuni,
akainama kusikiliza kama anayesikiliza tumbo la mtoto.
Pesa zikapungua mia mbili.
"Nitamjazia tajiri mfukoni mwangu, mtanipa."
Akatoka vile vile alivyoingia,
akimtukana punda.

Tukabaki.
Rukiya akasema, ghorofa ya juu tu. Kukodisha. Mwaka mmoja.
Nikasema, kisima hapana.
Akasema, nani amekitaja kisima?
Akaenda kuteleka chai.

Nguvu iliyohitajika sikuipima.
Sikuwa na kipimajoto, wala daftari halikuwa karibu.
Nilikitoa kichupa nikakiweka kidakani, jua linapofika,
Rukiya akauliza kama kinafaa kwenye pilau.
Ni sumu, nikamwambia.
Akakisogeza mbali na chumvi,
kwa ncha ya kidole, pole pole,
kisha akanawa.

Mia mbili za Lali hatujalipa.
Leo asubuhi nimesikia kwato kichochoroni,
nikapekua mifuko yote ya koti,
na nilipofungua mlango
alikuwa ameshapinda kona.